Siku Waliyomcheka Shangazi Machozi

Kabla hajajulikana kama Shangazi Machozi alikuwa msusi, na kabla ya ususi aliuza viatu dukani, akafukuzwa kwa kuwaigiza wateja wanavyochechemea wakijaribu saizi isiyowatosha. Saluni ndiko maneno yake yalikopata wenyewe. Wanawake walikuja na nywele zilizosukwa juzi tu, wakadai zimelegea, ili tu wamsikilize tena. Mmoja wao alikuwa mtangazaji wa redio, akamwomba aandike michezo mifupi. Akaandika kwa miaka. Kutoka redioni akapanda jukwaani, na huko ndiko alikomzaa Shangazi Machozi: mwanamke anayezunguka misiba ya watu asiowajua, analia kuwashinda wafiwa, jicho moja liko jikoni.

Kila kichekesho kilipita kwanza kwa mdogo wake, fundi cherehani, aliyeishi naye nyumba moja pamoja na mama yao. Huyo hakuwa mwepesi wa kucheka. Alikuwa akiendelea kushona, pini mdomoni, kisha anasema, "Dada, hapo katikati unajipenda mno. Kata."

Dada alikata. Hata ile sauti ya Shangazi, inayopanda halafu inakatika kama redio iliyoishiwa betri, ilikuwa ya mdogo wake. Ndiye aliyemfundisha, siku moja wakianika nguo, wakacheka mpaka shuka zikaanguka matopeni.

Mdogo mtu alianza kulalamikia mgongo. Wakadhani ni kuinama kwenye cherehani. Daktari alipowaweka chini kuwaeleza, ugonjwa ulishafika kwenye mapafu. Mvua za mwaka ule hazikumkuta.

Makaburini mama alimwambia dada mtu, "Simama wewe, mwanangu, uwashukuru watu. Mimi sauti sina."

Akasimama. Alikuwa amejiapiza kutolia. "Mdogo wangu," alianza, "alikuwa anashona..." Sauti ikapanda, ikakatika.

Huko nyuma vijana wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Walidhani ndiye Shangazi. Kicheko kikaambukiza viti vya katikati, watu wazima wakauma midomo, mabega yakiwatikisika. Alijaribu tena. Sauti ikakatika palepale, nao wakazidi.

Mama akainuka, akamshika mkono, akamkalisha. "Basi, mwanangu. Basi." Akamfunika kichwa kwa mtandio wake. Hapo ndipo umati ulipoelewa, ukanyamaza, kila mtu akitazama viatu vyake.

Baadaye walikuja nyumbani kuomba radhi. Akawapa chai, akawaambia yamekwisha. Hayakwisha. Alipanda jukwaani mara moja tu tangu siku ile. Ukumbi mzima ukaitikia, "Lia, Shangazi, lia."

"Leo silii," akasema.

Wakaangua kicheko, wengine wakipiga meza. Akaiweka maiki chini taratibu, akatokea mlango wa nyuma, wao bado wanamshangilia.

Siku hizi anaandika tu, wanaigiza wengine. Mchezo unaporushwa jioni, hukaa sebuleni na mama yake kuusikiliza. Mama hucheka hadi akashika mbavu, halafu akanyamaza ghafla.

"Nikicheka najiona kama nimemsahau mwenzio," alisema juzi.

 Binti yake alimtazama alivyokonda, kitambaa amekibana kiganjani.

"Cheka tu, mama," akasema, akanyoosha mkono kuongeza sauti ya redio.