Madongo ya Mgongoni

Watu wakinisikia nikisema kuwa mama yangu alikufa kwa kukosa ulazi, yaani namna ya kulala, hunitazama kama niliyechanganyikiwa. Wacha wanitazame. Mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja pale kwetu Msambweni, tangu baba alipofariki mpaka nilipoolewa, katika hiyo miaka ya hamsini, na ninalijua ninalolisema.

Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo. Si kwamba ulimuuma, la. Ulikuwa haushiki mwendo. Utapiga vizuri kama wa mtu yeyote, kisha uruke, unyamaze, halafu uje mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Hospitalini walimsikiliza kifua, wakampa vidonge, wakamwambia ndivyo atakavyokuwa. Majirani nao wakasema ni jini, kwa sababu kwetu chochote kikibisha kifuani mwa mwanamke huwa ni jini, hakuna lingine. Mama alivimeza vidonge na kombe la mwalimu, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, akalinywa, asije akalaumiwa na upande wowote.

Mchana alikuwa mtu kamili. Alishona makuti, alipika, alinigombeza. Taabu yake ilikuwa kulala. Akilala chali, moyo ulimpanda hadi kooni. Akilalia ubavu wa kushoto, uligonga hadi kwenye kamba za kitanda, na mimi pembeni nikausikia. Kifudifudi hakuthubutu, alifundishwa chuoni, kwenye Kurani, tangu utotoni kuwa huo ni ulazi wa watu wa motoni, na hata angethubutu, pumzi isingemtosha. Ulibaki ubavu wa kulia, magoti ameyakunja, kiganja chini ya shavu, uso umeelekea kibla. Hapo moyo ulitulia. Haukupona, ulitulia tu, na kwake hiyo ilikuwa neema kubwa.

"Sunna haina hasara," alikuwa akiniambia.

Lakini usingizi ukimchukua, mwili uligeuka wenyewe. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba, na kamba zilikwisha kulegea, kila alalaye huporomokea katikati. Aliishia chali, akazinduka anahema, macho yamemtoka. Tuliweka mito ya usufi, ikabonyea. Tulikisogeza kitanda ukutani, lakini baina ya mgongo wake na ukuta pakabaki shimo. Mwishowe ukuta nikawa mimi. Nililala nimempa mgongo, mgongo wangu umebana wake, akinielemea namsukuma. Nilijifunza kusukuma pasi na kuamka. Asubuhi kiuno kilinivunjika kama niliyelima, na mama akaamka amelala vyema, ananiuliza mbona nimenuna.

Kisha ikaja posa. Mwenyewe alikuwa kijana wa kwetu, lakini kazi yake ilikuwa dukani huko Mackinnon Road, na mke ilikuwa lazima amfuate. Mimi nikasema sitaki.

"Hutaki kwa sababu gani? Ana kasoro?" mama aliniuliza.

"Hana. Lakini wewe atakulaza nani?"

Alikasirika, na akikasirika sauti yake hushuka badala ya kupanda. "Mimi sikukuzaa uwe mto," alisema. Siku zile hatukusemezana ila kwa haja.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima Mkongani, akashuka kuja kusikiliza hiyo posa. Katika jamaa zetu, kila palipozikwa mtu, yeye ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea maiti. Kila Mwislamu anajua namna maiti anavyolazwa: kwa ubavu wa kulia, uso kibla, na ili asije akarudi chali huegemezwa madongo ya udongo mgongoni. Mjomba aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, hakuipenda wala hakuikimbia.

Alikuwa anakunywa kahawa mama alipomwambia, "Kaka, wewe huwalaza watu wasigeuke. Nilaze na mimi."

Mjomba alikiweka kikombe chini. "Dada, usitie uchuro."

"Uchuro ni kukesha," mama akamjibu. "Huyu mtoto haolewi kwa ajili ya mgongo wangu. Wataka azeekee hapa?"

Mjomba alirudi kwake, nami nikadhani yamekwisha. Aliporudi tena alikuwa na kikapu cha udongo mwekundu wa Mkongani, kwa maana mchanga wetu wa pwani haushikani, ukiufinyanga unamwagika. Aliuponda na maji, akaukanda kwa viganja, akatoa madongo mawili marefu kama mihogo minene, akayaanika mpaka yakakauka. Mama akayafunga kila moja kwa leso kuukuu. Baada ya adhuhuri alipanda kitandani, akalala kwa ubavu wake, na mjomba akayapachika, moja begani na moja kiunoni, akiyasukuma kidogo kidogo hadi yalipokaa. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Niliona midomo yake inaanza kutikisika, kisha akaifunga kwa nguvu. Nilijua ni maneno gani yaliyotaka kumtoka, yale yasemwayo maiti anapolazwa kaburini.

Mama alilala mpaka alasiri. Kaka yake alikaa barazani muda wote huo. Alipoamka, mama alitoka nje akijinyoosha, akasema, "Sasa mpe mume wako mgongo."

Nikaolewa. Mackinnon Road ilikuwa vumbi, malori, gari moshi na watu wasiojuana. Usingizi ulinitupa, kwa kuwa mgongo wangu ulizoea kuegemewa, na mume wangu akawa analalamika kuwa namsukuma usiku kucha kama nataka aanguke. Nilipokuja kutazama nyumbani nilimkuta mama amenenepa kidogo. Nilifurahi, sitasema uongo, na nilirudi kwangu na moyo mweupe.

Baada ya hapo shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, alihamia kwa mama ili asikae peke yake. Alikuwa mtu wa swala na mtu wa kusaidia watu, nalisema hilo mbele kabla sijasema mengine. Siku moja akitandika kitanda, akayakuta madongo. Alifungua leso, akaona udongo, akafahamu ni kitu gani. Jirani yetu aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia. Shangazi alisema, "Wifi, unajizika mwenyewe ndani ya nyumba ya ndugu yangu? Uchuro gani huu?" Akayabeba na leso zake, akayatupa nyuma ya jiko.

Mama hakumjibu. Kwetu wifi mkubwa hajibiwi, na mama alishika adabu kuliko alivyoshika roho yake. Alianza kulala ameketi, mgongo ukutani, kidevu kifuani. Shangazi akimkuta hivyo humlaza, tena chali, juu ya mito, akimpapasa kwa huruma kabisa. Mama akazinduka anahema. Ikawa hivyo siku nenda siku rudi, uso ukamsinyaa, mguu ukavimba. Dereva wa lori aliyetoka pwani ndiye aliyeniletea salamu: mama yako halali.

Nilimuomba mume wangu ruhusa, nikapanda lori hilohilo. Nilipofika Msambweni nilikuta wanawake wamejaa uani, na hakuna aliyeniamkia kwa sauti.

Waosha walikuwa wamekwisha kumaliza kazi. Mama alikuwa kitandani ndani ya sanda, amelala chali.

Nikasema, "Nani kamlaza chali?" Nikasogea kitandani. Nikasema, "Mgeuzeni. Nawaambia mgeuzeni, moyo utampanda." Najua maiti hulazwa vile mpaka atolewe, sikuwa mjinga. Lakini sikuweza kumtazama. Mwanamke mmoja alinishika mabega, akaniambia, "Mwanangu, mwite Mungu." Nikamsukuma, na nilimsukuma kwa mgongo, kama nilivyozoea.

Sisemi kuwa shangazi alimuua. Siku ikifika imefika, na moyo ule haukuwa wa kuzeekea. Ninachosema ni kwamba angekufa akiwa amelala.

Wanaume walimchukua, sisi tukabaki na kilio chetu. Kwetu wanawake hawaendi makaburini, kwa hivyo lile ambalo ningetaka kuliona kuliko yote sikuliona. Waliporejea nilimngoja mjomba penye mtungi, alipokuja kunawa. Mchanga wa makaburi ya Msambweni ni mweupe. Mikono yake ilikuwa myekundu.

Hata shikamoo sikumpa. "Mjomba, mgongoni mmemwekea nini?"

"Yake yaleyale," alisema. "Niliyaokota nyuma ya jiko asubuhi. Moja begani, moja kiunoni."

"Yamekaa?"

"Yamekaa. Hageuki tena."

Akatoa leso mbili alizokuwa amezikunja mfukoni mwa kanzu, akanipa, udongo bado umeganda kwenye pindo. Shangazi alikuwa karibu na mlango, akaziona, akayasikia yote. Hakusema uchuro. Alijifunika uso, na mimi nikampita nikaingia ndani.