Durban kwa Baiskeli ya Kuazima

Mtu wa Tanga haulizi kama mji unapitika kwa baiskeli. Kwetu wanaendesha mashehe, wauguzi na akina mama na mabuibui yao, na barabara zimelala chali mpaka baharini. Kwa hiyo nilipokwenda Durban mwishoni mwa miaka ya tisini kumtembelea kaka yangu, nikakuta yeye anashinda dukani na mimi nashinda dirishani, ghorofa ya saba pale Albert Park, niliuliza kitu kimoja tu: baiskeli nitaipata wapi?

Kaka alicheka. "Hapa baiskeli ni ya wazungu wenye kaptura za kubana," alisema. "Wewe panda taxi kama watu." Taxi kwao ni daladala.

Baiskeli ilikuwamo humo humo ndani. Chumba cha pili cha ile nyumba alikipanga Mkongo mmoja wa Uvira, mtu mpole wa makamo, aliyekuwa akilinda magari ya watu kule ufukweni kila siku, hata Jumapili. Alikuwa na baiskeli kuukuu, nyeusi, breki ya mbele imekufa. Lile bomba la juu, kati ya kiti na usukani, alikuwa amelizungushia kitenge tabaka juu ya tabaka, kama wafanyavyo akina baba wa Uvira na Kigoma ili mtoto akipakiwa mbele asiumie. Mtoto hakuwepo. Yeye, mkewe na binti yao mdogo walipotezana wakikimbia vita. Alivuka ziwa na mashua moja, wao wakapanda nyingine. Baadaye watu wakamwambia kwamba mama anayefanana na mkewe ameonekana Durban, upande wa kusini.

"Petit, chukua kinga," aliniambia. Petit kwao ni mdogo, kinga ni baiskeli. "Tembea fasi yote unapenda. Ila unitafutie bibi yangu. Miye sina hata siku moja ya kutafuta."

Fasi kwao ni mahali, bibi ni mke. Alikuwa mrefu, alisema, ana mwanya, na mkono wa kushoto una kovu la mafuta ya moto, maana alikuwa akikaanga beignets, yale maandazi yao ya mviringo. Nilikubali upesi. Nilikuwa mgeni, sina kazi, na kutafuta mtu kulinipa sababu ya kwenda popote.

Mji ule ni mwongo. Ukianza na barabara ya ufukweni utadhani umefika Tanga: tambarare, upepo, mitende. Geuza usukani kidogo uelekee Berea na unakutana na mlima wa kukuvunja magoti. Siku ya kwanza niliisukuma baiskeli kwa mikono huku bibi kizee mmoja wa Kihindi, amekaa barazani, akinitazama bila kuficha kicheko. Niliposhuka, breki ya nyuma ikalia njia nzima na watu wakanipisha.

Nilijifunza mengine kwa aibu. Kwetu ukifika kwenye kona unapiga kengele, ni adabu. Nilipiga kengele kule ufukweni na watoto wawili wakanijia mbio na sarafu mkononi, wakidhani nauza aiskrimu. Kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, nilisimama nyekundu ilipowaka, na dereva wa nyuma yangu akanitukana kwa Kizulu kirefu chenye mdundo mzuri. Bandarini mlinzi alinifukuza. Mtaa wa Grey nilikula sambusa zenye pilipili kuliko zetu, nikakaa kibarazani mwa msikiti mpaka jasho likakauka.

Kote huko nilitazama mikono ya kushoto ya wanawake. Si kazi nzuri. Mwanaume anayekodolea macho mikono ya akina mama sokoni anaonekana mwizi wa bangili, na mara mbili niliambiwa hivyo.

Jioni yule Mkongo, jirani yetu wa chumba cha pili, alirudi, akavua koti lake la manjano, akaketi. "Umeona nini leo?" Nilimsimulia mji, na alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kana kwamba ndicho alichoulizia. Kisha: "Na yeye?" Nikasema hapana. "Bon. Kesho."

Hatimaye nilielekea Isipingo, upande ule wa kusini niliotajiwa. Njia ya kusini haina milima mikali, ina malori na harufu ya mafuta ya viwandani inayokaa kooni. Nilifika kwenye stendi ya taxi nimechoka, njaa inaniuma, nikaiegemeza baiskeli kwenye nguzo. Hatua chache kutoka pale mama mmoja alikuwa akikaanga beignets kwenye karai. Alinyanyua macho, na hakunitazama mimi. Alitazama baiskeli.

"Hiyo kinga umeitoa wapi?" alisema kwa Kiswahili, kabla sijafungua kinywa.

Kovu lilikuwa pale pale nilipoambiwa. Nilifurahi mno, furaha ya kijinga ya mtu aliyeshinda mchezo. Nikamwamkia, nikaropoka yote: mume wako yupo, mzima, anaishi na kaka yangu, anakutafuta.

"Nayua fasi anaishi," alisema.

Aliepua karai motoni, akajifuta mikono. Alikuwa amekuja Albert Park kusali siku moja, akamwona mumewe anateremka kwenye baiskeli mlangoni pa jengo letu. Alitaka kumwita. Alikuwa ameshafungua kinywa.

"Halafu nikaona ile kitambaa ya kupakia mutoto," alisema. "Nikarudi."

Mtoto alikufa Zambia, kwa homa, wakiwa njiani. Alinieleza kwa maneno machache, macho kwenye mafuta, na mteja alipokuja akamhudumia kwanza. "Alinipa mutoto mikononi," alisema. "Nitamufikia na nini?"

Nilimwambia tu kwamba mumewe hajakata tamaa, na kwamba mimi nikirudi nitaulizwa, na sijui kudanganya. Alilirudisha karai motoni. Mwishowe akasema: "Mwambie umeniona. Kesho aje. Ile ya mutoto nitamwambia miye mwenyewe, usiiseme weye." Akanifungia beignets kwenye gazeti na akakataa nilipie.

Njia yote ya kurudi nilimkasirikia. Kunipa nusu ya habari nibebe, na nusu yenyewe ile inayocheka! Malori yakanipita na sikuyajali.

Jirani alikuwa amefika, na kaka yangu yuko jikoni anapika. "Umeona nini leo?"

"Nimemwona mkeo."

Aliruka. Alimwita kaka yangu kwa kelele, akanikumbatia, akaketi, akasimama tena. Amekonda? Hakukonda. Mwanya uko? Uko. Bado iko anakaanga? Bado. Alicheka kwa kila jibu, akanifanya nirudie. Nikaona kwamba anauliza habari za mkewe peke yake, anazungukazunguka, kama mtu anayesubiri kiazi kipoe kabla ya kukishika.

Kisha akakishika. "Na mutoto? Amekuwa murefu?"

"Mama yake amesema atakuambia mwenyewe," nilisema.

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alinitazama. Niliangalia sakafu, jambo ambalo sikupaswa kulifanya, na nikasikia jinsi kicheko kilivyomkatika. Hakulia. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Kaka yangu alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko wake.

"Nilishaenda kwa masista wa shule," jirani alisema, taratibu, akinieleza mimi. "Walikubali kumwandika mutoto. Walisema wanamungoja mwezi wa kwanza." Akalikunja koti lake la manjano. "Petit, sasa masista nitawaambia nini?"