Mahali pa Kutembea

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya hapa Bunia, tumbo langu limetangulia, mimi nafuata. Pembeni yangu alikaa mama muuza unga, mnene, mwenye kicheko kikubwa kuliko changu. Daktari akamwambia mbele yetu:

— Mama, sukari iko juu, kilo iko mingi. Unapashwa kutembea kila siku. Bila hivyo, siku moja hii miguu tutaikata.

Mama akainyoosha miguu, akaiangalia.

— Dokta, kwetu Bambu nilikuwa napanda mulima na mihogo ku kichwa. Nilikonda mupaka bwana yangu alikuwa ananiita fimbo. Vita ikatuleta huku. Sasa nakaa mu soko, narudi na pikipiki, nalala. Nitembee niende wapi?

— Popote, mama. Zunguka hata mu kartie, mu mitaa ya kwenu.

— Mu kartie hakuna shamba yangu.

Nilikuwa na mzaha tayari, nikaumeza. Benchi zima tulikuwa watu wa milima tuliokalishwa mjini, na watoto wetu wanakulia kwenye viti. Kesho benchi hilo halitatutosha.

Mama alipotoka alikataa pikipiki. Akaondoka kwa miguu, polepole, kuelekea upande wa Bambu. Soko na nyumba yake viko upande mwingine.