Mlio wa Nyundo Chini ya Sakafu

Wiki moja baada ya kuanua matanga ya mume wangu, nilianza kumsikia akigonga nyundo chini ya sakafu ya jiko.

Ko. Ko. Ko.

Cheka tu, wala sikulaumu. Hata mimi ningesikia mtu anasimulia hivi ningesema huyu kashachanganyikiwa.

Sostenes wangu alikuwa mchimbaji huku Geita. Duara lao, yaani shimo la dhahabu, lilititia asubuhi watu wakiwa kazini. Ikitokea hivyo, makarasha yote ya kusaga mawe yanazimwa. Walio juu wanagonga, halafu wanalaza sikio chini. Aliye hai huko chini anajibu kwa nyundo.

Tulisikiliza mpaka jua likazama. Hakujibu. Maji yakajaa, na mwili haujapatikana hadi leo.

Basi ukimya ukawa adui yangu. Mlio ukianza jioni napika, nafungulia redio mpaka mwisho. Binti yetu Noela, wa miaka sita, nikawa namfokea hata kwa kijiko kuanguka. Akaanza kunikimbia.

Hilo liliniuma kuliko yote. Baba yake kashaondoka, na yeye namwona anaondoka nikiwa namtazama.

Jirani yangu Zipora akaniburuta zahanati.

Nesi Eunice alikuwa na kikundi cha akina mama cha kujifunza kutuliza akili. Akasema tufumbe macho, tukae kimya, tufuatilie pumzi zetu. Nilipiga yowe nikatoka mbio.

Akanifuata nje. "Pole, Mama Noela. Nimekosea mimi. Wengine ukimya unawatonesha. Wewe fumbua macho, kanyaga chini vizuri, shika kitu mkononi."

"Hivi hii kitu inafanya kazi kweli, nesi?"

"Wataalamu wameipima kwa watu wengi. Wengi hofu na hasira zinapungua. Si wote, na msiba haiondoi. Ila utaacha kuukimbia. Ukisikia mlio, usifungulie redio. Pumua, usikilize unatoka wapi."

Nikawa nafanya mazoezi huku nachambua mchele, macho wazi. Siku nyingine nalia mwanzo mwisho. Taratibu, kumfokea Noela kukapungua.

Jioni moja mlio ukaja. Mkono ukaenda kwenye redio. Nikaurudisha. Nikapumua, nikasikiliza.

Haukutoka chini. Ulitoka nyuma ya jiko.

Nikazunguka. Noela alikuwa amelala kifudifudi, sikio chini, nyundo ya baba yake mkononi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Bibi alisema baba bado yuko chini. Nagonga ili anijibu." Akaniangalia. "Lakini kila nikianza unafungulia redio. Simsikii."

Aisee.

Nikalala pale vumbini, sikio chini kama yeye. Tukasikiliza wote wawili. Kisha nikamwambia neno ambalo hakuna mtu mzima aliyekuwa amethubutu kumwambia: baba amekufa, hatajibu. Alilia sana, nami nikalia, na safari hii hakunikimbia.

Wewe unayejificha kwenye kelele, sikudanganyi kwamba ukimya utakuponya. Mimi bado inaniuma. Nakwambia tu, zima kidogo usikilize. Huenda anayegonga yuko hai, na yuko nyumbani kwako.