Fundi Anania Alivyolimenya Jiwe la Bibi Lucia

Anania hawezi kulipita jiwe bila kuligonga. Ukitembea naye kutoka stendi ya Makambako mpaka nyumbani kwake, mwendo wa nusu saa, jiandae kutumia saa nzima. Kila penye jiwe atachomoa kinyundo mfukoni mwa koti, atagonga mara mbili, atainamisha sikio. Jiwe zima hulia, ngi! Jiwe lililochoka hukohoa, bu. Likilia, analisifu. Likikohoa, analipa pole kama mgonjwa wa kifua.

"Iko siku watakupa pole wewe," mkewe Ema humwambia.

Anania ana miaka sitini na miwili, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza akipasua mawe ya misingi ya nyumba. Kazi yenyewe aliipata kwa sababu ya kuoa. Alipokwenda Kidugala kumposa Ema, baba mkwe hakuuliza ana mashamba mangapi. Alimwonyesha jiwe nyuma ya zizi akasema, "Likiwa mawili, njoo tuzungumze." Halafu, kwa huruma kidogo, akamfundisha: tafuta ufa ambao baridi na mvua vimeshauanza, pigilia kabari za mti mkavu, mwagia maji jioni, kalale. Mti ukinywa maji unavimba, na ukivimba unasukuma. Jiwe lilichukua kiangazi kizima. Ema anasema alikuwa akichungulia dirishani kila asubuhi, na ndipo alipojifunza kuomba kwa dhati.

"Mimi namalizia tu," Anania huwaambia wanaomsifu. "Kazi kubwa imefanywa na jua, baridi na mvua, toka babu wa babu hajazaliwa. Huu udongo mnaopandia viazi mnadhani ulishushwa na lori? Ni jiwe hilo. Limechoka, likalala."

Hebu fikiria: shamba zima la viazi, jiwe lililolala!

Basi, Juni mwaka huu, mtaa wao ulikuwa unachimba mtaro wa bomba la maji. Mtaro ulipanda vizuri kutoka bondeni mpaka kwa Bibi Lucia, ukakwama. Upande mmoja kuna ukuta wa jiko lake, wa matofali mabichi, mzee kama mwenyewe. Upande wa pili kuna jiwe kubwa la mviringo, refu kuliko mlango. Katikati pamebaki nafasi ambayo hata kuku anapita kwa ubavu. Mtaro unataka futi mbili.

Jumatatu kukawa na mkutano. Mwenyekiti wa mtaa, Tarsis, akasema Jumamosi atakuja mtu wa baruti kutoka Njombe.

"Na jiko langu?" Bibi Lucia akauliza.

"Bibi, tutakuhamisha kwa muda."

"Mwanangu, jiko hilo likisikia baruti halitaningoja nirudi. Na nyumba italifuata."

Anania akainuka, akaenda kwenye jiwe na kinyundo chake, akagonga juu, akagonga ubavuni. Bu. Bu. Akarudi akitabasamu.

"Hili limeoza mpaka moyoni," akasema. "Nipeni mpaka Ijumaa. Nitalipasua katikati kwa kabari na maji, na jiko la bibi halitadondosha hata vumbi."

"Fundi, una uhakika?" akauliza Tarsis.

"Nimelisikia likikohoa kwa masikio haya."

Jumanne akashinda juu ya jiwe akipigilia kabari kwenye mstari mmoja, katikati kabisa. Jioni akazimwagia maji, akaenda kulala akiimba besi ya kwaya. Jumatano asubuhi, na upepo wa Makambako unakata masikio, akakuta nusu ya mtaa imeshafika kutazama. Kabari zilikuwa zimevimba vizuri. Lakini jiwe halikuwa mawili. Lilichofanya ni kuinua ganda, unene wa kiganja, kama mtu aliyefungua kifungo cha juu cha shati. Anania akaingiza kinyundo kwenye nafasi ile, akagonga kilichokuwa chini.

Ngi!

Kililia mpaka mbwa wa jirani akaitika.

"Fundi," akasema Joackim, mchimba mtaro, "huyo mgonjwa wako mbona ana sauti ya kwaya?"

Watu wakacheka. Anania naye akacheka kidogo, akagonga tena. Alikuwa amelisikia ganda, hakuusikia moyo. Kikohozi kile kilikuwa cha ule uwazi kati ya ganda na ganda. Jiwe lenyewe, ndani, lilikuwa zima kuliko lile la Kidugala, na lile lilimlia kiangazi kizima. Yeye alikuwa na siku tatu. Alimtazama Bibi Lucia aliyesimama mlangoni pa jiko, mkono kwenye ukuta, kama anayemshika mtoto asikimbie.

Nyumbani hakutaka hata chai. Ema alikuwa jikoni anaandaa chakula cha mchana. Akaipua sufuria ya viazi vilivyochemshwa na maganda yake, akamwaga maji ya moto, akavimiminia ya baridi. Akachukua kimoja, akaminya kidogo kwa gumba. Ganda likachomoka lote, kama soksi.

"Kwa nini unavimwagia maji ya baridi?" Anania akauliza. Miaka arobaini anakula viazi hivyo, hajawahi kuuliza.

"Ganda linashtuka, linaachia. Baba Jasmine, leo ndiyo unaliona jiko?"

Anania akakitazama kiazi. Jua mchana, baridi usiku. Jua, baridi. Lile jiwe lilikuwa linapikwa na kumwagiwa maji ya baridi kila siku, miaka ambayo hakuna anayeweza kuihesabu, ndiyo maana likawa na maganda, na ndiyo maana likawa mviringo!

"Lakini nimeahidi kulipasua katikati," akasema kwa huzuni.

"Bomba linapita katikati ya jiwe?"

"Hapana. Linapita pembeni, kwenye jiko la bibi."

"Sasa huko katikati unatafuta nini? Posa nyingine?"

Anania alisimama na kiazi mdomoni, akatoka mbio.

Mchana huohuo alikuwa upande wa jiko, juu ya ngazi. Jua la saa nane lilikuwa limelipasha jiwe joto. Akamwaga ndoo ya maji ya chemchemi. Likatoa sauti ndogo, tii, kama mtu anayemeza mate. Akaingiza kabari kati ya ganda na moyo, akaimwagia maji, akasubiri baridi ya usiku imsaidie. Alhamisi ganda la kwanza likaachia, pana kama meza. Joackim na wenzake wakalitoa polepole kwa mitaimbo na kamba, na matairi ya zamani wameyaegemeza ukutani. La pili likatoka Ijumaa asubuhi, la tatu Ijumaa jioni, jua linazama. Ukuta wa jiko haukupata hata mkwaruzo.

Jumamosi Hilari, mtu wa baruti, akafika na pikipiki. Mwenyekiti Tarsis akanyoosha futi kati ya ukuta na jiwe.

"Weka kando hiyo futi," akasema Bibi Lucia.

Akachukua ndoo, akaijaza maji, akajitwisha. Akapita kwenye nafasi ile kutoka upande mmoja hadi wa pili, amenyooka, bila kugeuka ubavu. Akarudi tena. Hakuna tone lililomwagika. Mtaa mzima ukapiga vigelegele.

"Kamwene, fundi," akasema, salamu ya kwao ya heshima, akampa mkono kwa mikono miwili.

Hilari hakuwa na la kufanya, akaletewa viazi. Alipomaliza akaligonga jiwe kwa kijiko. Ngi! Akatikisa kichwa.

Siku hizi yale maganda matatu yametandazwa uani kwa Bibi Lucia, na matope hayamsumbui tena. Bomba linatoa maji hatua tatu kutoka jikoni kwake. Na Anania bado anagonga kila jiwe njiani, ila sasa likikohoa hasemi pole mara moja. Anainama, anagonga mahali pengine, anasikiliza tena. Ema akiwa pamoja naye, anamgeukia kwanza.

"Mama Jasmine, unasemaje?"

"Mimi nasema viazi vinapoa. Twende."