Nilitoa Platini za Trekta Kimyakimya, Mjomba Akavunjika Mkono

Mjomba wangu amevunjika mkono, na aliyeuvunja ni mimi. Sikumgusa. Niliuvunja kwa bisibisi, kwa siri, tena huku nacheka.

Nipo kidato cha tatu, darasani najulikana kwa masihara kuliko kwa maksi. Tunakaa Pongwe: mimi, mama na kaka yake, huyo mjomba. Ana trekta la petroli, kuukuu kuliko yeye, selfu yake ilikufa zamani. Kuliwasha, unachomeka hendeli pale mbele unazungusha kwa mkono. Masika yakikaribia ndilo linalotulimia sisi na majirani.

Kila Jumatatu Mjomba alikuwa anasugua platini kwa msasa, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke kwenye plagi. Siku moja nikamwambia, "Mjomba, wenzio wamehamia elektroniki, wewe bado unalipigisha trekta mswaki."

"Wewe kuchaji simu tu unasahau," akanijibu. "Niachie meno yangu."

Nikasema huyu nitamkomesha. Rafiki yangu anayejifunza ufundi Usagara akanipa kifaa cha elektroniki. Ijumaa Mjomba alipoenda mjini, nikang'oa platini, nikafunga kile kifaa kwa kufuata video. Mwishoni jamaa wa video anasema lazima upange upya muda wa cheche, isije ikaruka mapema. Hapo nikairusha video mbele, sikupanga kitu. Alikuwa anaongea sana.

Nikajaribu. Hendeli ikanirudia kwa nguvu, ikanibwaga chini. Nikacheka peke yangu kama chizi. Mara ya pili likawaka, likanguruma vizuri kuliko siku zote. Nikalizima, nikafunika kila kitu.

Asubuhi nilikaa barazani na simu, namrekodi ili nione uso wake likiwaka. Mjomba akasema bismillahi, akazungusha, hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu. Nikasikia mlio kama kuni kavu inavyokatwa. Halafu yeye mwenyewe akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima.

Natamani ningekosea hapo tu. Alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa hogo la plasta, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Mkono umezeeka, ndugu yangu. Trekta halina kosa." Mimi nilikuwa nawapokea wageni, nawapa chai. Video nikaifuta.

Mawingu yakaanza kujikusanya na shamba halijaguswa. Mama akafunga kanga kiunoni. "Nielekeze tu, kaka. Nazungusha mimi."

Mjomba akakaa kwenye kiti. "Dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine. Usilipitishe upande wa pili wa hendeli. Hata mimi sikulipitisha, sijui ilikuwaje."

Mama akashika hendeli. Na mimi, Mungu anisamehe, nikawa napiga hesabu: labda safari hii hendeli haitarudi. Labda. Mama akainama, akavuta pumzi.

"Mama, acha! Usizungushe!"

"Kuna nini?"

"Nilitoa platini."

Mjomba akanigeukia. "Ulilijaribu?"

"Ndiyo."

"Hendeli ikakurudia?"

"Ikanirudia."

"Kabla yangu?"

"Kabla yako, Mjomba."

Hakunipiga. Nilitaka anipige. Alimwambia mama aachie hendeli, akaingia ndani.

Fundi wa Nguvumali akaja akapanga muda wa cheche, maana ilikuwa inaruka mapema na kuirudisha hendeli nyuma, na sasa jirani analiendesha, linawaka kwa mzungusho mmoja. Kifaa hakikuwa na ubaya wowote. Ila kila asubuhi nikimwamkia Mjomba shikamoo, anaitika marahaba bila kunitazama, kisha anauliza mbele ya watu wote, "Umegusa kitu leo?" Nasema sijagusa. Halafu anamwita mama akahakikishe.

Nyie wenzangu wa masihara, mtanieni mjomba mnavyotaka. Lakini kama umechokonoa kitu ambacho mtu mwingine atakishika kwa mkono wake, mwambie kabla hajakishika. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, hatua chache tu kutoka kwake, na mdomo ninao.