Kifaru Kimoja, Kidogo

Kazi yangu ni kusahihisha. Nafundisha Kiswahili sekondari moja huku Sombetini, na kwa miaka kumi na tisa kalamu nyekundu imenikaa mkononi hata nikiwa sokoni. Mtu akisema "mbuzi hii", mwili unaniwasha. Nimechoka, lakini siachi.

Aliyekiona cha moto ni baba. Baba ni Mmeru wa mlimani, mtu wa kahawa na migomba, na Kiswahili alikikuta ukubwani. Kwake kila kinachoanza na ki ni kimoja, kiwe jiwe, kiwe kiumbe: kiongozi kimoja, kiboko kimoja, kifaru kimoja. Tangu niko kidato cha pili namkatiza. "Baba, mnyama ni kifaru mmoja. Kile cha wanajeshi ndicho kimoja." Naye hunijibu, "Haya, mwalimu," kesho anarudia vilevile.

Mwaka jana akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuambia mkono usipopewa kazi miezi hii ya mwanzo utabaki hivyohivyo. Atafutiwe kazi ndogondogo ya vidole, ila iwe anayoipenda mwenyewe. Nikamuuliza anataka nini. Akafikiri weee, kisha akasema, "Niletee kifaru. Kimoja, kidogo, cha plastiki. Nikipake rangi."

Siku hiyo sikumkatiza. Nilikuwa nimetoka kusahihisha mitihani ya madarasa mawili, kope zinauma. Nikasikia kimoja, kidogo, cha, nikaiamini sarufi. Nilizunguka mji mzima, mwisho nikakipata kwenye duka la mitumba pale Kijenge: boksi la kifaru cha vita, cha kuunganisha mwenyewe, pamoja na gundi na vikopo vya rangi.

Baba alifungua boksi, akaitazama ile picha ya juu kwa muda mrefu.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho, baba. Si ulisema kifaru?"

"Nilisema," akajibu. "Asante, mwanangu."

Basi kila Jumamosi nikawa napanda mlimani. Vipande vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama ndizi kwenye mkungu. Unakata kimoja kimoja, unapiga msasa, unagundisha. Magurudumu peke yake yalizidi ishirini, kila moja dogo kuliko kifungo cha shati. Baba alikibana kipande kwa kibanio cha nguo, mkono wa kushoto ukifanya kazi, vidole vya kulia vikijaribu kusaidia na kutetemeka. Mimi nilikaa pembeni napiga miayo, karatasi ya maelekezo mapajani. Gurudumu hilo limekaa upande, baba. Gundi imezidi, baba. Hilo ni la nyuma, baba.

Jumamosi ya tatu akaukata mzinga, lile bomba refu la mbele, akauacha mfupi kama kidole gumba.

"Khaa! Baba, umeshaharibu! Hebu tazama picha!" Nilimpigia kelele, jamani, mtu mzima, tena mgonjwa. Akaweka kisu chini. Mkono wa kulia ukarudi mapajani, na kwa wiki mbili nzima haukugusa kitu. Niliona aibu, ila nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuomba radhi niliona ni kazi.

Aliporudi mezani ilikuwa zamu ya rangi. Kwa baridi ya mlimani haikauki upesi, kwa hiyo tulikuwa tunakisogeza karibu na mlango wa jiko. Karatasi ilisema kijani. Baba akachanganya nyeupe na nyeusi.

"Vifaru ni vya kijani, baba."

"Changu ni cha kijivu," alisema bila kuinua macho. Kisha akachota tope pale uani, akakipaka ubavuni. Nikaona bora niondoke kabla sijapiga kelele tena.

Nikaingia jikoni kumlalamikia mama. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakugeuka.

"Baba yako alitaka yule mnyama," alisema. "Ujana wake alifanya kibarua cha kufyeka njia hifadhini, kule Momela. Asubuhi moja wakakutana uso kwa uso, mnyama ametoka kugaragara topeni. Anasema siku hizi hawapo tena. Alitaka ampake rangi kama alivyomwona."

"Sasa mbona hakusema?"

"Alinikataza. Ati mtoto amezunguka mji mzima na uchovu wake, halafu nimwambie amekosea?" Akatupa ganda kwenye beseni. "Yeye hana kalamu nyekundu."

Mganga hajigangi. Nilisimama pale mlangoni nimejiona mjinga wa kutupwa, na machozi yakanitoka.

Nikarudi barazani. Nikamwambia nimeshajua, nimekosea mimi, nitamtafutia mnyama mwenyewe, hata wa mti. Ndipo nikaona brashi iko kwenye mkono wa kulia. Sijui aliihamisha saa ngapi. Ilikuwa inaupaka ule mzinga mfupi, kutoka shinani kwenda kwenye ncha, polepole, inatetemeka lakini haisimami.

"Wa nini tena?" alisema baba. "Kifaru huyu mmoja ananitosha. Mshikilie tumbo, asianguke."

Chombo cha vita ni hiki, ni kimoja, kinatosha. Sahihisho hilo lilinifika mdomoni kabisa. Nikauma ulimi, nikamshikilia tumbo.